Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu ya juu na elimu ya ufundi: mhitimu wa stashahada asirudishwe mwanzo

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia;
Katibu Mtendaji, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU);
Katibu Mtendaji, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET);
Wakuu wa vyuo na wakurugenzi wa kampasi za mikoani.

YAH: KUTAMBULIWA KWA KREDITI ZA STASHAHADA KATIKA SHAHADA YA KWANZA

Waheshimiwa viongozi,

Kwa heshima na taadhima naandika barua hii nikiwa mkufunzi wa stashahada ya uhasibu katika kampasi ya mkoani, kampasi yenye madarasa ya kutosha, maktaba ndogo na wanachuo wengi, lakini isiyofundisha shahada hata moja. Wengi wa wanachuo hao walitufikia wakiwa na cheti cha kidato cha nne, wakasoma astashahada ya awali kwa mwaka mmoja, kisha wakaingia stashahada ya miaka miwili. Wengine walitoka kidato cha sita wakiwa na alama zisizotosha kuwaingiza chuo kikuu moja kwa moja. Mwaka wao wa pili unapokaribia kwisha huanza kuja ofisini mmoja mmoja, na swali lao huwa lile lile: "Mwalimu, nikitoka hapa naenda wapi?"

Swali hilo nina jibu lake. Nawafungulia kitabu cha mwongozo wa udahili ambacho TCU hukitoa kila mwaka kwa ajili ya wenye stashahada na sifa nyingine linganifu, nawaonyesha kwamba mwombaji anatakiwa awe na ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne kwa alama D au zaidi, pamoja na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0 katika stashahada yake, kisha tunasoma pamoja ukurasa wa shahada anayoitamani ili tuone kama jina la stashahada yake limetajwa. Baada ya hapo huja swali la pili, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Na haya niliyosoma hapa, huko yatahesabiwa?" Kitabu kinaeleza masharti ya kuingia, muda wa programu na idadi ya nafasi. Hakielezi ni moduli zipi wala krediti ngapi za stashahada zitakazotambuliwa ndani ya shahada. Basi nawaambia wajiandae kuanza mwaka wa kwanza, katika darasa moja na kijana aliyefanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei.

Sina neno na kijana huyo wa kidato cha sita. Amestahili nafasi yake. Ninachoomba ni tuitazame hesabu yenyewe. Tuwachukue vijana wawili waliomaliza kidato cha nne shule moja na siku moja. Wa kwanza anakwenda kidato cha tano na cha sita, miaka miwili, kisha anasoma shahada ya uhasibu kwa miaka mitatu, jumla miaka mitano. Wa pili, ambaye wazazi wake walimshauri aanze na elimu itakayompa kazi mapema, anasoma astashahada ya awali mwaka mmoja, stashahada miaka miwili, kisha shahada ile ile miaka mitatu, jumla miaka sita. Huyu wa pili ameshika vitabu vya hesabu tangu mwezi wa kwanza baada ya sekondari, wakati mwenzake huenda mchepuo wake haukuwa na somo la uhasibu kabisa. Hata hivyo siku ya kuripoti wote wawili wanapewa ratiba moja, na aliyetangulia kuijua kazi ndiye anayechelewa mwaka mzima kuimaliza safari.

Hili lingeeleweka kama tusingekuwa na kipimo cha kulinganisha elimu ya pande hizi mbili. Lakini kipimo tunacho. Katika mfumo wa tuzo za kiufundi unaosimamiwa na NACTVET, ule unaojulikana kwa herufi NTA, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na kila mwaka wa masomo katika ngazi ya 4, ambayo ni astashahada ya awali, na katika ngazi ya 5 na ya 6, ambazo ni miaka miwili ya stashahada, una krediti 120. Mwanachuo aliyemaliza miaka miwili ya stashahada amekusanya krediti 240, yaani saa 2,400 za darasani, maktabani, katika mazoezi na katika mafunzo kwa vitendo. Shahada ya miaka mitatu nayo huanzia krediti 360, na kwa upande wa TCU vilevile krediti moja ni saa 10. Mizani ni moja, na kila upande umeshapima kwa uangalifu na kuandika uzito kwenye transkripti, lakini mzigo ukihamishwa kutoka upande mmoja kwenda wa pili unasomwa kuwa sifuri.

Wala sisemi kwamba krediti 240 zote zihamishwe. Ngazi ya 6 si ngazi ya 7, ambako masomo ya shahada huanzia, na mtu aliyefundisha zote mbili anaijua tofauti: katika stashahada tunamtaka mwanachuo aifanye kazi kwa usahihi, katika shahada anatakiwa pia aeleze kwa nini inafanywa hivyo na lini isifanywe hivyo. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza wa shahada za biashara haijafika kwenye tofauti hiyo. Ni stadi za mawasiliano, matumizi ya kompyuta, hisabati za biashara na takwimu, misingi ya uchumi, sheria za biashara na kanuni za uhasibu. Moduli hizi tunazifundisha, baadhi yake kwa vitabu vile vile. Mwanachuo wangu aliyekwisha kufunga hesabu za ubia na za kampuni, akaandaa taarifa ya mtiririko wa fedha na kufanya ulinganisho wa hesabu za benki kwenye ofisi ya halmashauri alikokwenda kwa mafunzo ya vitendo, anakwenda kuketi muhula mzima akifundishwa kwamba kila muamala huingizwa mara mbili.

Miaka michache iliyopita mmoja wa wanachuo wetu, binti wa mkulima wa korosho, alihitimu stashahada akiwa na GPA inayozidi 4.0 na akapata nafasi katika chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja. Nilimsaidia kuandika ombi la kusamehewa moduli tatu, tukaambatanisha transkripti, mitaala yetu ya moduli hizo na mitihani ya mwisho aliyoifanya, ili atakayelishughulikia ombi asipate shida ya kutafuta chochote. Jibu alilopewa kwa mdomo, dirishani, ni kwamba hakuna utaratibu. Hakuambiwa kwamba mitaala imelinganishwa ikaonekana haifanani, wala kwamba kiwango chetu ni cha chini. Bahasha haikufunguliwa. Alisoma moduli zote tatu tangu mwanzo, akapata A katika zote, na alipokuja kunisalimia mwisho wa mwaka akaniambia kwamba hakuna hata moja iliyomfundisha jambo asilolijua. Baba yake alikuwa amelipa ada ya mwaka huo kwa korosho za msimu mzima.

Nililifikiria jibu lile la "hakuna utaratibu" kwa muda mrefu, kwa sababu si kweli kwamba nchi yetu haijui kuhamisha krediti. Mwanafunzi aliyesoma mwaka mmoja katika chuo kikuu kimoja anaweza kuomba kuhamia kingine, TCU hutangaza kipindi cha uhamisho, na alichofaulu huhamishwa pamoja naye kwa masharti yanayojulikana. Katika Afrika Mashariki tumekwenda mbali zaidi. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina mfumo wa sifa za elimu ya juu wa tangu mwaka 2015, na mwezi Mei 2017, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, wakuu wa nchi za Jumuiya waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu, na moja ya shabaha zake ni kumwezesha mwanafunzi kuhama nchi bila kupoteza alichosoma. Ni ahadi njema na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini tazameni ilipotufikisha: mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kutarajia kuvuka Namanga au Mutukula akiwa na krediti zake mkononi, ilhali mhitimu wa stashahada anayetoka kampasi ya mkoani kwenda kusoma shahada katika makao makuu ya chuo chake mwenyewe, chenye nembo ile ile na mkuu yule yule, anaanza upya.

Chanzo kinajulikana. Elimu ya ufundi ina sheria yake ya mwaka 1997, na vyuo vikuu vina sheria yao ya mwaka 2005. Kila chombo kimejenga upande wake kwa bidii, kikaweka viwango na wakaguzi wake, na kazi hiyo imetufaa. Sehemu iliyobaki bila mwenyewe ni ile ya katikati. NACTVET humaliza kazi yake inapothibitisha tuzo ya stashahada, TCU huanza yake inapothibitisha udahili, na suala la krediti ngapi zimevuka limeachwa kwa mkuu wa idara wa chuo kinachopokea, mtu ambaye hana fomu ya kulijaza, hana mtaala wa chuo kilichotuma, na halaumiwi na yeyote akikataa.

Gharama ya pengo hili haiwaangukii wazazi pekee. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Serikali ilianza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi, nishati na madini, kilimo na mifugo. Uamuzi huo ulitufurahisha sana sisi wa vyuo vya kati, hata ambao fani zetu bado hazimo. Lakini mwanafunzi aliyekopeshwa kusoma stashahada, kisha akakopeshwa tena kusoma shahada inayorudia robo ya stashahada hiyo, amekopeshwa mara mbili kwa somo moja. Fedha hiyo ingemkopesha mwingine aliyekosa. Kuna na jambo dogo linaloumiza zaidi kuliko linavyoonekana. Miongozo ya mikopo ya shahada ya kwanza ya miaka ya karibuni imekuwa ikimtaka mwombaji awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Wahitimu wetu wengi huajiriwa kwanza, dukani, kwenye SACCOS, kwenye ofisi za vyama vya ushirika, kwa kuwa nyumbani kuna wadogo wanaosubiri ada. Akipata nafuu ya kuendelea, muda wa mkopo umempita, na mwaka wa ziada tunaomtoza analipa kutoka mfukoni.

Najua hoja itakayotolewa kujibu ombi langu, na ni hoja ya haki: viwango vya vyuo vya kati havilingani. Sitaikana. Nimewahi kufundisha mahali ambapo maswali ya mtihani yalizunguka mwaka hadi mwaka mpaka wanachuo wakayajua kwa namba, na sitaki mhitimu wa mahali pale asamehewe kitu kwa kuonyesha cheti tu. Vilevile zipo fani ambazo mimi mwenyewe ningesita. Hisabati ya mhandisi katika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu haifanani na hisabati ya fundi sanifu hata kama majina ya moduli yanakaribiana, na mhitimu wa stashahada ya uhandisi akisamehewa hisabati hiyo atakwama mwaka wa pili katika somo lingine, ambako hakuna atakayekumbuka chanzo. Kwa daktari msaidizi anayekwenda kusomea udaktari, sina ujuzi wa kusema lolote. Waseme wenye taaluma yao.

Lakini tofauti za viwango ni sababu ya kupima, si sababu ya kutopima. Chuo kinachopokea kinaweza kuandaa mtihani wa kuthibitisha wiki mbili kabla ya muhula kuanza, kwa moduli zile tu zinazofanana: anayefaulu kwa alama zilizokubaliwa anasamehewa moduli hiyo na krediti zake zinaandikwa, na anayeshindwa anaingia darasani bila kupoteza chochote. Jambo hili si geni kwetu. Upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao kwa huo mtu mzima mwenye uzoefu wa kazi lakini asiye na vyeti vinavyotakiwa hufanya mtihani na akaruhusiwa kuomba chuo kikuu. Kama tumeweza kuupima ujuzi usio na karatasi yoyote, hatuwezi kusema kwamba ujuzi wenye transkripti, mtaala ulioidhinishwa na NACTVET na mitihani iliyosimamiwa haupimiki. Hata bodi za taaluma hufanya hivyo kila msimu: Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu humsamehe mtahiniwa baadhi ya mitihani kwa kutazama alichosoma chuoni, na hakuna anayesema kwamba kwa kufanya hivyo imeshusha hadhi ya CPA, cheti chake cha juu cha uhasibu.

Tuko mbali na Marekani kwa mambo mengi, lakini uzoefu wao katika hili una la kutufundisha, kwa sababu vyuo vya miaka miwili ni mlango mkuu wa elimu ya juu kule. Ofisi ya ukaguzi inayolihudumia Bunge lao iliripoti mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama chuo walipoteza kwa wastani karibu asilimia 43 ya krediti zao. Jimbo la California lilikuwa limekwisha kuliona tatizo hilo, na sheria yake ya mwaka 2010 iliagiza kwamba mwanachuo anayemaliza programu maalumu ya uhamisho katika chuo cha jamii, yenye krediti 60 kwa hesabu yao, ahakikishiwe nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, na katika fani inayolingana asidaiwe zaidi ya krediti 60 nyingine ili amalize shahada. Kilichonivutia katika sheria hiyo ni mahali ilipoweka mzigo. Mwanachuo haombi kusamehewa kwa bahasha. Vyuo vyenyewe vilitakiwa vikae, vilinganishe mitaala na vipatane kabla hajaanza, naye anasoma akijua kila moduli inampeleka wapi.

Kwetu mwanachuo huanza kujua akiwa amekwisha kumaliza, na hapo ndipo majina yanapomkwaza. Kitabu cha mwongozo hutaja kwa kila shahada stashahada zinazokubalika, jambo zuri, lakini vyuo vyetu navyo vimejitungia majina mengi ya stashahada kwa ajili ya kuvutia wateja. Nimeona stashahada mbili zenye moduli zinazofanana karibu zote, moja jina lake limo kitabuni na nyingine halimo, na aliyesoma ile isiyomo amekataliwa na mfumo wa maombi kabla binadamu yeyote hajasoma transkripti yake. Wakuu wa vyuo, hili liko mikononi mwenu zaidi kuliko mikononi mwa TCU: kabla ya kusajili programu yenye jina jipya, hakikisheni kuna shahada inayolitambua, na mwambieni mwanafunzi siku ya kwanza, kwa maandishi, ni shahada zipi zitakazompokea na zipi hazitampokea.

Hapo hapo kuna suala la namba ya uhakiki wa tuzo, ambayo wanachuo wanaiita AVN. Mwenye kidato cha sita huomba chuo kwa namba yake ya mtihani na matokeo yake tayari yamo kwenye mfumo. Mwenye stashahada hawezi kuanza mpaka apate AVN, na hawezi kuipata mpaka chuo chake kiwe kimewasilisha matokeo. Chuo kikichelewa wiki tatu, awamu ya kwanza ya udahili inampita, na programu zinazogombaniwa hujaa katika awamu hiyo. Tangu utaratibu wa maombi ya pamoja ulipoondolewa mwaka 2017 na waombaji wakaanza kuomba moja kwa moja vyuoni, kuchelewa huku kuna madhara makubwa zaidi, kwa sababu kila chuo kina mfumo wake na ada yake ya maombi. Nawaomba NACTVET mweke tarehe ya mwisho ya vyuo kuwasilisha matokeo ya mwaka wa mwisho, itangulie kufunguliwa kwa dirisha la kwanza la udahili, na chuo kinachoivuka kiwajibike chenyewe badala ya kumwachia kijana adhabu isiyo yake.

Nirudi kwenye kampasi yetu na nyingine za aina yake. Mhitimu akishapata nafasi ya shahada, kwa kawaida nafasi hiyo iko Dar es Salaam, Dodoma, Arusha au Mwanza. Kwa kijana wa mjini hii ni nauli. Kwa binti aliyeolewa, au kwa karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ambaye mshahara wake ndio unaoendesha nyumba, ni mwisho wa safari. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani na kimewaokoa wengi wa namna hii. Kimewasaidia hata wale ambao GPA yao haikufika 3.0, kwa kuwapa kozi ya msingi inayowafungulia mlango wa pili. Nakishukuru kwa dhati. Lakini kuna mambo ambayo mtu anahitaji kujifunza akiwa na mwalimu na wenzake chumba kimoja, na kampasi zetu zina vyumba ambavyo jioni na mwisho wa wiki vinakaa vitupu.

Kupitia mradi wa HEET, yaani Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, vyuo vikuu vyetu vinajenga kampasi katika mikoa ambayo haikuwa nazo, Lindi, Kigoma na Simiyu ikiwa miongoni mwake. Naomba majengo hayo yasisimame kando ya vyuo vya kati kama majirani wasiosalimiana. Mahali ambapo chuo cha stashahada na kampasi ya chuo kikuu viko mkoa mmoja, vipatane programu ya miaka miwili na miwili: miwili ya stashahada hapa, miwili ya shahada pale, kwa fani moja au mbili za kuanzia, na za kwanza ziwe zile ambazo mkoa wenyewe unazihitaji. Mahali ambapo hakuna chuo kikuu, wahadhiri waje kwetu mwisho wa wiki, nasi tutoe madarasa. Wengi wetu wakufunzi tuna shahada za uzamili na tuko tayari kusaidia semina na mazoezi chini ya usimamizi wao.

Lipo pia suala la wakati, nalo linanitia wasiwasi kuliko yote niliyoyataja. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, katika sekondari, na wanafunzi wa kwanza walioanza kidato cha kwanza katika mkondo huo mwaka 2024 watamaliza kidato cha nne mwaka 2027. Wazazi wao wameambiwa kwamba mkondo huu si wa walioshindwa, kwamba mtoto anaweza kuanza na ufundi akafika juu kabisa. Wameamini, na mimi ni mmoja wao. Mwanangu yuko katika darasa hilo. Watoto hawa watakuja kwetu mwaka 2028, na wa kwanza kati yao watabisha hodi chuo kikuu mara tu watakapomaliza stashahada. Ikiwa kufikia wakati huo anayepitia ufundi bado anachelewa mwaka mzima nyuma ya aliyepitia kidato cha sita, na alichosoma bado kinahesabiwa sifuri, wazazi wataona wenyewe ni mkondo upi unaoheshimiwa, na hakuna tangazo la redio litakalowabadilisha mawazo.

Kwa hiyo ombi langu kwa Mheshimiwa Waziri ni kuvikutanisha TCU na NACTVET kwa agizo lenye tarehe, wakae na wawakilishi wa vyuo vinavyotuma na vinavyopokea, waanze na fani chache zenye wahitimu wengi, uhasibu, ununuzi na ugavi, utawala wa biashara, teknolojia ya habari, walinganishe mitaala moduli kwa moduli, na waandike kiwango cha krediti kitakachotambuliwa. Mimi ningependa kiwango hicho kifike 120 kwa mhitimu wa fani ile ile mwenye GPA ya juu, ili aingie mwaka wa pili na miaka yake ilingane na ya mwenzake wa kidato cha sita. Wakiona ni nyingi mno kwa kuanzia, hata 60 zitampunguzia muhula mzima, na baada ya miaka mitatu matokeo ya waliosamehewa yatawekwa mezani yasemwe kama yalivyo.

Kwa TCU nina ombi jingine ambalo halihitaji sheria mpya wala fedha ya mradi. Katika kitabu cha mwongozo cha wenye stashahada, kando ya jina la shahada, sifa za kuingia, muda na idadi ya nafasi, iongezwe safu moja inayoonyesha krediti za stashahada ambazo chuo husika kimekubali kuzitambua. Chuo ambacho hakitambui hata moja kiandike sifuri, ili mwombaji aione kabla hajalipa ada ya maombi.

Wanachuo wangu wa mwaka wa pili wamebakiza muhula mmoja. Watakapokuja ofisini na lile swali la pili, nataka niwafungulie ukurasa huo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi wa stashahada,
kampasi ya mkoani, kusini mwa Tanzania